Uzoefu wangu: kupanga kazi kwa kufuata mzunguko wa hedhi (nyota 3 kati ya 5)

Mimi ni mhasibu, na kama na ww ni mhasibu unajua mwisho wa mwezi hakuna cha tumbo wala kiuno, hesabu lazima zifungwe. Kwa hiyo miaka yote nimeishi na miezi miwili kwa mpigo, mwezi wa ofisi unaoisha tarehe 30 au 31, na mwezi wangu mimi unaokuja ukijisikia. Ikigongana nalia chooni, nanawa uso, narudi kwenye dawati. Ndo maana nilivyoona tangazo la programu ya wiki 12 ya kumfundisha mwanamke kupanga kazi kulingana na nguvu zake za asili nikajiunga siku ileile bila hata kusoma maoni ya waliotangulia. Sasa nimeitumia miezi saba, wiki 12 za mafunzo halafu nikaendelea na apu peke yake, naona nina haki ya kuongea.

Unachopata ni apu ya simu, video fupi fupi, kundi la kuchati, na kipindi kimoja kwa wiki na mwalimu. Wazo lenyewe ni kwamba mzunguko una sehemu nne: siku za hedhi, siku za yai kukomaa, yai kutoka, halafu ile awamu ya mwisho wanayoiita luteali ambapo homoni ya projesteroni inapanda na baadae kushuka kabla hujaingia tena mwezini. Kila sehemu wameipa majira ya mwaka, hedhi ni msimu wa baridi, yai kutoka ni kiangazi, na kila majira yana kazi zake: hapa buni, hapa ongea na watu, hapa malizia viporo, hapa pumzika. Mimi theluji naijua kwa picha tu ila nikasema sawa, twende.

Tatizo la kwanza lilikuja mapema. Apu ilivyo, inaanza na siku 28 na yai kutoka siku ya 14, kama vile wanawake wote tumetoka kiwanda kimoja. Mzunguko wangu ni siku 31 mpaka 35, na huo ni wa kawaida kabisa, wanaosema kawaida ni 21 hadi 35 hawajakosea. Mwaka 2019 kuna utafiti ulichapishwa uliopitia mizunguko zaidi ya laki 6, wastani ukawa siku 29 na kidogo, na mizunguko ya siku 28 kamili ilikuwa kama asilimia 13 tu. Yaani apu imetengenezwa kwa ajili ya hiyo 13. Na kinachorefuka kwa wengi wetu ni ile nusu ya kwanza, sehemu ya baada ya yai kutoka haibadiliki sana, kwa hiyo mtu wa siku 33 kama mimi yai linatoka kwenye siku ya 19 au 20 hivi. Nilikuja kuthibitisha kwa kipimajoto, unapima asubuhi kabla hujatoka kitandani, baada ya yai kutoka joto linapanda kama nusu digrii au pungufu kidogo, nikavumilia mizunguko miwili nikachoka. Sasa fikiria, siku ya 14 apu inapiga kengele "uko kileleni, leo omba nyongeza ya mshahara!" wakati mimi niko kawaida tu, halafu siku ya 25 ambayo niko moto kweli kweli inaniambia nizime taa nijikunje. Sehemu ya kubadilisha urefu wa mzunguko ipo lakini wameificha ndani huko, niliwaandikia huduma kwa wateja wakajibu baada ya siku tisa, na hata ukibadilisha, ile 14 haisogei!!

La pili hili bado linaniuma na kunichekesha kwa pamoja. Apu inaomba ruhusa ya kuungana na kalenda yako, mimi nikabonyeza kubali bila kusoma, kumbe imeungana na kalenda ya ofisi ambayo timu nzima tunaiona. Wiki nzima kila mtu anaona kwenye ratiba yangu "Luteali siku ya 3", "Luteali siku ya 4". Kijana mmoja tunayekaa naye jirani, mpole huyo, akaja taratibu akaniuliza, "Samahani dada, huyu Luteali ni mteja mpya? Mbona sina faili lake." Nikamwambia ndio, mteja msumbufu sana huyo, faili lake ninalo mimi. Jamani someni ruhusa kabla ya kubonyeza. Na taarifa za hedhi ni taarifa za mwili wako, mimi nilifuta pia ruhusa ya kujua nilipo, ya nini sasa?

Mafunzo yenyewe nusu kwa nusu. Mwalimu alikuwa anarudia kwamba siku za yai kutoka akili inakuwa kali zaidi, hapo ndo usaini mikataba. Hili sikulikubali, na si kwa ubishi wangu tu. Mwaka 2025 jarida la PLOS ONE lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 102 zenye washiriki karibu 4,000, na hawakukuta mabadiliko ya kueleweka ya uwezo wa akili kufuata mzunguko, si umakini, si ubunifu. Nililiweka kwenye kundi, nikajibiwa na emoji ya ua. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kwa sababu ukianza kusema ofisini kwamba kuna wiki tuna akili zaidi, atatokea mtu aulize kuhusu wiki nyingine, na huyo mtu huwa ndo anapanga vyeo.

Maumivu na usingizi hayo sibishi, hayo yapo. Siku tatu za mwisho kabla ya hedhi silali vizuri, siku mbili za kwanza za hedhi tumbo linanikata. Somo la maumivu lilikuwa la "sikiliza mwili wako unasema nini", mwili wangu ulikuwa unasema nipe dawa. Nilichojifunza nimejifunza kwa daktari, kwamba kuna kitu kinaitwa prostaglandini kinachobana mfuko wa uzazi, na dawa kama ibuprofeni inapunguza kutengenezwa kwake, kwa hiyo ukinywa mapema maumivu yanapoanza inafanya kazi kuliko kusubiri mpaka ujikunje (wenye vidonda vya tumbo muulizeni mfamasia kwanza). Dakika tano za daktari zimenisaidia kuliko moduli nzima.

Na waliosahaulika ni wengi. Dada mmoja kwenye kundi anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, akauliza yeye afuate awamu gani, maana vidonge vyake vinazuia yai kutoka na ile damu anayoiona ni ya kuacha vidonge tu. Kimya. Mwingine anaelekea kukoma hedhi, mara siku 22 mara siku 60, akaambiwa "afuate mwezi wa angani". Haki ya Mungu. Na wale wa zamu, wauguzi, watu wa kaunta, unamwambiaje mtu asogeze zamu kwa sababu ni msimu wa baridi tumboni? Kulikuwa na video moja nzuri kuhusu sheria, Japani wana likizo ya hedhi kwenye sheria tangu 1947, Zambia mwanamke ana haki ya siku moja kila mwezi bila cheti cha daktari, Hispania wamepitisha yao 2023, ila iliisha kwa kutuambia "zungumza na bosi wako kwa upendo". Sawa.

Sasa kwa nini nimetoa nyota 3 na sio 1. Ni kwa ajili ya sehemu ya kuandika kila siku, nguvu, usingizi, maumivu, mistari miwili mitatu. Nilirudi nyuma nikaingiza na tarehe za zamani zilizokuwa kwenye kidaftari changu, za karibu mwaka na nusu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kwa vile mwezi wangu ni mrefu kuliko wa ofisi, kila mara hedhi inasogea mbele siku mbili tatu kwenye kalenda. Inagongana na kufunga hesabu mara mbili au tatu mfululizo, halafu inapita zake, inakaa karibu mwaka mzima ndo inarudi. Na mimi kichwani nilikuwa naapa inagongana kila mwezi! Sasa naiona inakuja. Miezi ya kugongana nalinganisha taarifa za benki kuanzia tarehe 20, wadaiwa wakorofi nawapigia mapema wiki ya kabla, zile siku mbili nakuwa nimejiachia risiti za kupanga na kufaili. Bosi nilimwambia tu mwezi huu naanza mapema, akafurahi, hakuuliza.

Kwa kifupi mafunzo ruka, daftari na kalamu vinatosha, ukitaka apu tafuta inayokuruhusu kuweka siku zako mwenyewe.

Juzi nimesitisha malipo. Ikaja meseji: "Tunaona umefanya uamuzi huu ukiwa kwenye awamu ya luteali, ungependa kusubiri siku 7?" Ilikuwa siku yangu ya 17, yai lenyewe bado halijatoka.