Leso za uzazi: nguo ipi ya mtoto ununue kwanza Mombasa

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Januari, kaskazi, msimu wetu wa joto, ikiwa imekaza, na kitu cha kwanza nilichomnunulia kilikuwa blanketi zito la manyoya lenye picha ya dubu. Pale dukani lilinipendeza mno. Siku ya nne tangu turudi nyumbani, shingo yake yote ilikuwa imeota harara, vipele vyekundu vidogo vidogo vilivyoshikana kama ufuta juu ya mkate wa mofa. Shangazi yangu alipomfungua alikuta mgongo umelowa chepe. Hakunigombeza. Alifungua kabati, akatoa leso, yaani kanga, kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalegea, akamfunga nayo, na mtoto akalala.

Tangu siku hiyo, wifi au jirani akiniuliza aanze kununua nini, namwanzisha kwenye nguo. Kitanda cha mtoto kinaweza kungoja, na beseni hata la kuazima litafaa. Lakini mtoto akitoka tumboni tu, anafutwa kwa nguo, anafunikwa kwa nguo, anapakatwa kwa nguo, na baadaye anabebwa kwa nguo mpaka atembee. Ukikosea hapo, utakosea kila siku.

Nimezipanga nguo hizi kwa mambo manne yanayotuhusu sisi wa Mombasa: zinavyohimili joto, zinavyonyonya jasho na mkojo, zinavyokauka, na zinavyovumilia maji yetu. Hilo la maji nitalirudia, kwa sababu wengi hulisahau.

1. Leso nzito ya pamba

Hii ndiyo ya kwanza, na baina yake na inayofuata kuna nafasi kubwa. Leso moja inafanya kazi ambazo ungezinunulia vitu sita. Siku ya kujifungua unajifunga, mtoto anapokelewa kwayo. Ukirudi nyumbani inakuwa shuka, pazia la kunyonyeshea ukiwa kwenye matatu, kitambaa cha kujifutia ukishakandwa, na mtoto akikaza shingo inakuwa mbeleko. Mtoto akizaliwa mdogo, chini ya kilo 2.5, wauguzi humweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kinachomshikilia pale ni hiyo hiyo leso.

Mahali pa kununua ni Biashara Street, ukiingilia upande wa Digo Road. Usiende saa saba mchana na tumbo la miezi minane. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla msongamano haujaanza. Leso zenye maandishi ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ni za nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1887, na akina nyanya wengi bado huzitafuta kwa jina hilo. Sisemi ununue hizo peke yake. Nasema zishike kwanza, uzisikie mkononi, ndipo ulinganishe na nyingine.

Namna ya kuikagua leso nilifundishwa na shangazi yule yule. Tulikuwa dukani, mimba yangu ya pili ina miezi saba, muuzaji ametandaza doti tatu juu ya kaunta.

"Hii pamba tupu, mamangu," akasema.

"Haya, tia maji tuone," shangazi akamjibu.

Akalowesha kidole kwenye chupa yangu ya maji, akadondosha tone pembeni mwa pindo. Kwenye leso ya kwanza tone lilikaa juu kama jicho la samaki, linang'aa, halizami. Ya pili ilikuwa na stachi nyingi, tone likasitasita, likaingia polepole. Ya tatu ililinywa papo hapo, pakabaki doa lililotanuka. Tukachukua ya tatu. Pamba hunywa maji, polista huyakataa. Kama umeshafika nyumbani na bado una wasiwasi, chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na majivu yake hupukutika, wa polista huyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi.

Stachi nayo itazame. Leso mpya nyingi zina stachi inayozifanya zionekane nene kuliko zilivyo. Isugue baina ya vidole viwili. Unga mweupe ukitoka kwa wingi, ujue ukishaifua itabaki nyepesi. Kisha inyanyue uitazame dhidi ya mwanga. Ukiweza kuhesabu vidole vyako kwa upande wa pili, hiyo si ya kumbebea mtoto.

Upana ndipo wengi hudanganyika. Leso ya kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110, lakini ziko zilizopunjwa. Usipime kwa macho. Jifunge pale pale dukani, juu ya tumbo lako hilo hilo, uone kama ncha zinakutana na zinabaki za kupiga fundo. Kumbuka pia kwamba pamba husinyaa kidogo kwenye mfuo wa kwanza.

Rangi: kwa hospitali, chukua zilizokoza, zambarau, hudhurungi, buluu ya usiku, kwa sababu damu ya uzazi huacha alama. Za mtoto ziwe za rangi zisizochuja. Lowesha ncha ya kitambaa cheupe, sugua juu ya pindo; kikitoka na rangi, leso hiyo utaifua peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, ndipo iguse ngozi ya mtoto. Nyekundu ndiyo sumbufu kuliko zote. Na jina la leso? Chagua litakalokufariji. Mimi nilikwenda hospitali na "Nani kama mama", na saa nane ya usiku, uchungu umeshika, niliyasoma maneno yale juu ya pindo huku mamangu akiwa ameketi ubavuni pangu.

Leso huuzwa kwa doti, mbili zimeshikana. Mpe fundi azikate na kuzipinda. Mwambie apinde ncha zote, maana uzi unaoning'inia huweza kujisokota kwenye kidole cha mtoto na kukibana.

Mtoto wa kaskazi, doti nne zinatosha. Mtoto wa masika, yaani Aprili, Mei mpaka Juni, nunua sita ukiweza. Siku hizo nguo hushinda kwenye kamba na jioni bado zina unyevu, na nguo mbichi haivishwi mtoto.

2. Melimeli

Melimeli haikuonekana kwenye orodha niliyopewa kliniki, wala dukani hakuna atakayekukumbusha. Lakini katika miezi mitatu ya mwanzo niliigusa mara nyingi kuliko leso. Ni pamba nyepesi, nyeupe, inapitisha hewa, na inakauka kabla hujamaliza kupika chai. Huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vitambaa mitaa hiyo hiyo. Nunua mita 5, ukate kila sentimita 70, upate vipande 7. Mpe fundi avipinde pamoja na leso.

Kipande kimoja begani akicheuwa, kimoja chini ya kichwa chake unapomnyonyesha, kimoja cha kumfutia shingo na makwapa. Ukikunja pembetatu, kinakuwa nepi ya mchana, na ngozi iliyokwisha kuchubuka kwa pampas hupata kupumua. Kwa kumfunikia mchana wa Februari, melimeli moja inatosha kabisa.

Haiko ya kwanza kwa sababu haiwezi kubeba mtoto na kwenye leba haikusaidii kitu.

Sasa maji. Nyumba nyingi za mjini na Kisauni hutumia maji ya kisima, na yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na inachobakisha hukauka ndani ya nguo. Ukianua unakuta melimeli imekakamaa kama karatasi. Ngozi ya mtoto mchanga haistahili hilo. Ninachofanya ni kufulia maji ya kisima, kisha suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Mtungi mmoja wa lita 20 kutoka kwa wauza maji wa mkokoteni unasuuza nguo za mtoto za siku nzima. Sabuni iwe kidogo, ya kipande isiyo na harufu kali. Zikikauka, zipige pasi au uzifikiche mkononi zilegee.

3. Leso nyepesi ya pamba

Ni pamba kweli, ila imefumwa wazi wazi na bei yake ni nafuu. Nzuri kwa kumfunikia mtoto na kutandika. Kama mfuko umebana, nunua doti mbili nzito na mbili za hizi, na hutajuta. Kwa mbeleko usiitumie. Yangu ilichanika kwenye fundo, mtoto akiwa na miezi sita, namshukuru Mungu nilikuwa nimeketi.

4. Kikoi

Kikoi ni kigumu mwanzoni, kisha kila mfuo unakilainisha. Kinakausha mwili vizuri baada ya kuoga kuliko taulo nyingi nene ambazo hapa kwetu hazikauki na huanza kunuka uvundo. Kimoja kinatosha, na pengine kipo tayari kabatini kwa baba wa mtoto.

5. Kibebeo cha mikanda

Kwa bei ya kimoja kipya, kwa kawaida unapata doti mbili au zaidi. Ndiyo maana nimekiweka huku. Lakini sikidharau. Mama anayevuka Likoni kila asubuhi, mkono mmoja una mfuko na mwingine unashika chuma cha feri, anapata nafuu kubwa mtoto akiwa kifuani amefungwa mikanda. Kongowea kwenye mitumba utavipata vya bei nafuu. Kabla hujalipa, vuta kila mkanda kwa nguvu, funga na kufungua kila kifungo mara kumi, na utazame mishono ya mabegani. Chagua kinachoyashikilia mapaja yake mpaka magotini, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio. Vile vinavyomning'iniza kwa kamba nyembamba katikati ya miguu viache.

Iwe kibebeo, iwe leso, kanuni ni zile zile. Mtoto ambaye shingo haijakaza, yaani mpaka karibu miezi mitatu au minne, abebwe mbele, uso wake uonekane, kidevu kisigandamie kifua. Mgongoni ni baadaye. Na ukimfunga leso akiwa mchanga, mikono unaweza kuibana kidogo, miguu iache ikunjike kama ya chura. Kuinyoosha na kuikaza kunaweza kudhuru nyonga zake. Akianza kujaribu kujigeuza, acha kabisa kumfunga wakati wa kulala. Alale chali, na pasiwe na nguo iliyolegea karibu na uso.

Za kuacha dukani

Leso ya polista, hata kama rangi zake zinakuita. Inamchemsha mtoto. Kwako wewe mzazi ni mbaya zaidi, kwa sababu baada ya kujifungua mwili hutoa jasho jingi usiku, na nguo isiyonyonya hukuamsha umeganda nayo.

Blanketi la manyoya, lile la dubu. Najua ndilo zawadi inayoletwa zaidi. Lipokee kwa moyo mkunjufu, liweke kwa safari ya Nairobi.

Hapa nisieleweke vibaya: mtoto anapozaliwa tu, hata katika joto letu hili, anapoteza joto haraka kwa sababu amelowa. Kinga yake si blanketi bali ukavu. Leso moja ya kumfutia, hiyo iondolewe, kisha awekwe kifuani pako na leso ya pili kavu iwafunike nyote wawili, na kofia kichwani. Shirika la Afya Duniani linashauri asioshwe mpaka saa 24 zipite, basi usione vibaya muuguzi akikataa kumwogesha.

Na kwa mama: akina bibi watataka kukufunga tumbo kwa leso katika hizo arubaini, na kwa aliyejifungua kawaida kufungwa kwa wastani kunaweza kumpa nguvu mgongoni. Kama umepasuliwa, usikubali kukazwa juu ya kidonda mpaka daktari aseme. Mimi nililazimika kumwambia mkwe wangu, "Mama, niwie radhi, daktari amekataza," na alinielewa.

Lini ununue

Mimba ikiingia miezi saba. Mapema zaidi wengine huona si vizuri kumtangulia Mungu, na sitawabishia. Lakini ukingoja wa tisa hutapata muda wa fundi, wala wa kufua. Kila nguo ifuliwe mara mbili kabla haijamgusa mtoto, ianikwe juani, ikunjwe ikiwa kavu kabisa.

Kisha panga mfuko wa hospitali. Chini weka za kubadilisha, katikati melimeli tatu na nguo za mtoto, upande mmoja leso zako mbili zilizokoza. Juu kabisa ziwe leso mbili laini za mtoto na kofia yake, ndani ya mfuko wao safi, ili muuguzi akisema "leteni leso ya mtoto", aliyekusindikiza asianze kupekua.