Seli za lithiamu za Luthuli Avenue ndani ya setilaiti yetu ya mazoezi

Nilinunua seli nne za 18650 (upana milimita 18, urefu 65) katika duka moja Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Nairobi, za setilaiti ya mfano tunayoiunda na vijana wenzangu. Yetu haitaruka, lakini setilaiti ndogo nyingi hubeba seli za umbo hilihili.

Lebo usiziamini. Muuzaji alianza kunionyesha zilizoandikwa 9900 mAh (kipimo cha umeme ambao seli inaweza kuhifadhi), bei ya kutupa. "Boss, hizi ndizo zinakaa." Seli bora ya ukubwa huu hufika kama 3500, na ya kweli ina gramu 45 hivi, zile zilikuwa nyepesi kama maganda. Nikachukua za 2600, ghali zaidi.

Kwenye chaja inayopima, zote zilitoa karibu 2500 na hazikupishana sana. Kwangu hilo la kutopishana ndilo kubwa. Zikiunganishwa kwa mfululizo, iliyo dhaifu huisha kabla ya wenzake na kuwaangusha wote, na huko juu hakuna fundi. Hubble, darubini ya angani, ilibahatika: mwaka 2009 wanaanga walienda kuibadilishia betri za nikeli na haidrojeni zilizokuwa zimefanya kazi miaka 19.

Tukaziingiza kwenye ratiba ya angani. Setilaiti ya mzingo wa chini huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kama 35 kati ya hizo huwa kivulini mwa dunia, bila jua. Kwa mwaka ni kuchaji na kutumia zaidi ya mara 5000! Seli mbili tulizitoa sehemu ya tano tu ya chaji kila mzunguko; hazikupata moto wala kuchoka. Mbili tulizikamua hadi chini, zikachemka, na baada ya wiki chache uwezo wake ukawa umeshuka waziwazi.

Kwenye friza zilitoa umeme kidogo kuliko kawaida. Kuzichaji humo sikuthubutu: chini ya nyuzi sifuri lithiamu hujipaka ndani kama metali na inaweza kuleta shoti. Ndiyo maana setilaiti nyingi huwekewa hita za betri.

Lalamiko langu: niliambiwa zina bodi ya ulinzi (saketi ndogo inayokata umeme seli ikichajiwa au kutumika kupita kiasi), kumbe hazina, na hazina karatasi yoyote ya kuonyesha zilikotoka. Kwa mazoezi ya mezani nitazinunua tena. Kwa chombo cha kurushwa, hapana. Bodi ya ulinzi inunue kando, na umwombe muuzaji aipime mbele yako kabla hujalipa.