Cherehani ya kukanyaga: inafaa kufundishia waliotoka vitani?

Inafaa. Tunazungumzia ile cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, yenye stendi ya chuma na meza ya mbao, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ushonaji hapa Mwanza. Wanaoandaa mafunzo kwa Wakongo walioko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, au kwa Warundi wanaorejea kwao, wana haki ya kuiamini. Ila wajue mapema kwamba ikinunuliwa kwa pupa na kugawiwa bila vipuri, itaishia kuwa meza ya kuwekea ndoo.

Uzuri wake wa kwanza unajulikana: haihitaji umeme. Wa pili ndio mkubwa zaidi, nao ni sindano. Inatumia aina ya HA×1, ambayo huingia pia kwenye cherehani nyingi za umeme za nyumbani, kwa hiyo mtu akirudi kwao si lazima aagize sindano Mwanza. Cherehani za kiwandani, zile za mota, zina sindano zake na njaa yake ya umeme. Kumpa mtu anayerudi kujenga upya kijiji kilichochomwa mashine ya namna hiyo ni kumbebesha mzigo.

Dukani usikubali kupewa boksi lililofungwa. Mwambie muuzaji aifunge kwenye stendi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Likikwama sehemu moja kila mzunguko, iache. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili. Wekundu ukionekana upande wa chini, uzi wa juu umelegea au haukupitishwa sawasawa. Weupe ukichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa bobini, kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, umelegea. Kipimo cha bobini ni rahisi: ning'iniza kijumba chake, yaani kikasha kinachoishika, kwa uzi wake, utikise kidogo. Kinapaswa kushuka kidogo na kusimama. Kikianguka chote kimelegea, kisiposhuka kabisa kimekazwa.

Mashine ikiruka mishono, anza na sindano. Ubapa wake utazame upande inakopita ncha ya ndoano inayonasa uzi, na uzi uingie kutoka upande wa mfereji mrefu. Sindano ikiwa sawa na bado inaruka, angalia majira ya ndoano: sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda kama milimita 2, ncha ya ndoano iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Isipokuwa hapo, mashine imepangwa vibaya. Hilo wengi hawaliangalii, halafu mwanafunzi anaambiwa mkono wake mzito.

Usafiri ni eneo la hasara. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, mzigo wa kwenda Geita na Kigoma hausubiri tena kivuko, lakini barabara bado ni ndefu. Stendi ni ya chuma cha kumiminwa: kigumu, ila kikidondoka kinakatika kama kigae, na fundi wa kuchomelea mwenye vijiti vya kawaida akikiunga hupasuka tena pembeni ya kiungo. Ondoa kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshona, kwenye stendi, toa sindano, shusha mguu wa kukandamizia juu ya kipande cha kitambaa, funga kichwa kwa blanketi. Stendi zilazwe chini ya mzigo, zisiwe juu.

Mafunzo yenyewe yaanze bila uzi. Saa mbili za kwanza mwanafunzi akanyage tu, skrubu kubwa ya gurudumu ikiwa imelegezwa ili sindano isitembee, mpaka mguu uzoee kwenda mbele bila kurudi nyuma. Gurudumu likirudi nyuma uzi unajifunga au unakatika, na hilo ndilo linalowavunja moyo wengi siku ya kwanza. Kisha ashone karatasi yenye mistari, bado bila uzi. Baadaye afundishwe namba za sindano: 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge, 16 kwa kaki ya sare za shule, 18 kwa jinzi.

Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu hulegea kadiri unavyotumika. Ukiteleza, kata kama sentimita moja, toboa upya na urudishe klipu. Ukikaza kupita kiasi, kukanyaga kunakuwa kazi ya punda. Mafuta ni ya cherehani tu, tone moja kila tundu kila siku ya kazi. Mafuta ya kula huganda na kushika vumbi.

Kwa kila mashine 5 nunua sindano 40 (nusu namba 14, nusu namba 16), bobini 20, vijumba vya bobini 2, mikanda 2, chupa 2 za mafuta, bisibisi kubwa na ndogo, na brashi. Usikate hapa ili kuongeza mashine ya sita.

Mashine peke yake haileti mkate. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe amewafundisha ushonaji wanawake waliotoroka waasi wa LRA, na kituo chake kimewatengenezea bidhaa ya kuuza: mikoba iliyofumwa kwa vile vishikizo vya kufungulia makopo ya soda. Huku kwetu sare za shule ndizo zenye soko la uhakika, kwa hiyo nunua aina inayoshona kurudi nyuma. Zipo zisizoweza, na mfuko wa kaptula usiofungwa kwa mshono wa kurudi hufumuka mapema. Na katika kila wanafunzi 10, chagua 2 wakae wiki mbili zaidi, wafungue kichwa chote na kukirudisha, mpaka waweze kupanga majira ya ndoano bila kuelekezwa.