Nilikodi baiskeli ya graveli Mombasa, nikaipandisha Taita: uzoefu wangu

Baiskeli yangu mwenyewe ni Black Mamba nyeusi niliyorithi kwa baba. Inanitosha kutoka Kisauni hadi Kongowea na kurudi na gunia la viazi nyuma. Kwa hiyo mjue mapema, hapa siandiki kama bingwa. Naandika kama mtu aliyetoa pesa zake.

Duka liko upande wa Nyali. Jina nalibana, maana malalamiko yangu nimeshawapa wenyewe ana kwa ana. Bei ni shilingi 2,500 kwa siku, na unaacha amana ya 5,000 pamoja na nakala ya kitambulisho. Nikachukua siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili.

Kwa ambao hawajaiona: baiskeli ya graveli ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ya mashindano ya lami, kwa jinsi usukani wake ulivyopinda chini kama pembe za kondoo. Ukisogea karibu unaona tairi ni nene (zangu zilikuwa na upana wa milimita 40), zina vijino, na breki ni za sahani, zinazobana kisahani cha chuma katikati ya gurudumu badala ya ringi. Ni chombo cha mtu anayetaka kupita lami, vumbi na changarawe kwa safari moja. Nilionyeshwa tatu. Nikachagua ya kijani kwa sababu ya rangi tu, na mchagua nazi hupata koroma.

Stendi ya Mwembe Tayari, makanga aliifunga juu ya keria ya gari kwa mipira, akanitoza mia tatu. "Huyu naye ni abiria, kaka, tofauti yake hali miraa." Saa tisa alasiri nikashuka Mwatate, chini ya milima ya Taita.

Sikumaliza hata kilomita mbili. Kando ya mashamba ya mkonge nikasikia mluzi nyuma yangu, nikadhani ni mtu ananiita. Kumbe ni mwiba wa mgunga, mrefu kama njiti ya kiberiti, umeingia wote.

Tairi hizi hazina tyubu. Ndani hutiwa gundi ya majimaji, nyeupe kama tui, na mwiba ukitoboa, ile gundi hukimbilia tundu na kuganda hapo hapo. Ndivyo nilivyoelezwa dukani, na ni kweli, ikiwa gundi ipo. Nilipochomoa mwiba halikutoka hata tone. Nikaisukuma baiskeli hadi kwa fundi mmoja mzee aliyeketi chini ya mwarobaini na beseni lake la maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tyubu yake iko wapi hii?"

"Waliniambia haihitaji."

"Mwanangu, asiyehitaji tyubu ni punda."

Alipobandua tairi tukaona sote. Gundi ilikauka zamani, imebaki magamba magamba kama ya samaki yaliyosahaulika juani. Kwa joto letu la pwani dawa hii haikai. Baada ya miezi miwili au mitatu lazima ifunguliwe itazamwe, iongezwe. Hii sidhani kama ilitazamwa tangu iingie nchini.

Tyubu aliyokuwa nayo mzee ni ya Black Mamba. Kwa ukubwa ilikubali kuingia, ila valvu yake ni nene kuliko tundu la ringi. Akanitazama. Nikaangalia saa, nikaangalia milima. "Panua," nikamwambia. Akachukua tupa ya mviringo akapanua lile tundu polepole, akipuliza vumbi la chuma kila mara na kupima kwa kidole, kazi safi kabisa. Tyubu na ufundi, shilingi 700.

Kutoka Mwatate hadi Wundanyi, mji wa juu milimani, ni lami inayopanda kwa kona za kuchosha shingo, na hapa ndipo nilipoijua koroma yangu vizuri. Gia nyepesi kabisa ilikuwa meno 40 mbele na meno 34 nyuma. Maana yake ni kwamba kila ukizungusha pedali mara moja, baiskeli inataka kwenda zaidi ya mita mbili na nusu, upende usipende. Kwenye Daraja la Nyali hutaona tatizo. Kwenye mlima magoti ndiyo yanayolipa. Wanaojua wanatafuta gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ya mbele, na hilo ndilo swali ambalo ningeuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Dukani wala hawakuniuliza naenda wapi. Kijana wa shule mwenye mkoba mgongoni alinipita kwa miguu, akanisalimia, kisha akanisubiri kwenye kona kwa heshima. Nikaingia Wundanyi gizani nikikokota.

Jumamosi ndiyo iliyonifanya nisiandike maoni haya kwa matusi.

Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na asubuhi mtu wa Mombasa anavaa kila alichobeba. Nilikula kimanga, chakula cha kupondwa cha Kitaita, na chai, nikapunguza upepo. Dukani walijaza pauni 60, tairi ngumu kama jiwe. Nikashusha hadi 35 mbele na 40 nyuma. Nikashika njia ya vumbi upande wa Werugha kuelekea msitu wa Ngangao. Mabadiliko yalikuwa ya papo hapo. Changarawe ambayo kwa tairi ngumu ingenirusha, sasa tairi ilikuwa inaimeza. Kwenye udongo mwekundu uliolowa ukungu, vile vijino vilishika bila kuteleza, na kwenye matuta ya mashamba ya kabichi nilikuwa nakwenda kasi ambayo Black Mamba ingeniua.

Ngangao si mkubwa. Ni kipande kilichobaki cha msitu wa ukungu, kwenye milima ambayo ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu inayoshuka hadi Udzungwa kule Tanzania. Kuna ndege wa Taita wasiopatikana kwingine kokote duniani. Nje unapita mikaratusi, juani, kelele za watoto, halafu ghafla unaingia chini ya miti mirefu iliyovaa kuvu na kila kitu kinanyamaza, unasikia cheni yako tu na matone. Mizizi ikazidi, nikashuka nikatembea. Sikuona haya. Nilipotoka upande wa pili, kilele cha Vuria, mita 2,208, kilikuwa kimejifunika ukungu, minara yake haionekani. Kilimanjaro ndiyo kabisa.

Kurudi Mwatate Jumapili ni mteremko mtupu. Breki za sahani nazisifu bila kinyongo: vidole viwili vinatosha, unabana kabla ya kona na kuachia, usizing'ang'anie njia nzima zikapata moto. Kiti nacho kilikuwa kizuri. Mikono iliuma kwa sababu usukani ulikuwa mbali kwa mtu wa kimo changu, lakini hilo nalo ni la kupimwa dukani kwa dakika tano.

Nyota tatu kati ya tano. Baiskeli yenyewe ni nzuri. Ila ilitunzwa kwa ajili ya kupiga picha ufuoni.

Amana ikaleta maneno. Kijana wa duka alipoona tundu la valvu limepanuliwa, akasema ringi imeharibiwa, akakata 1,500. Nikamwonyesha mwiba, niliuweka kwenye kiberiti. Nikamweleza habari ya magamba. Akasema bosi hayupo. Nikaomba basi nirudishiwe tyubu yangu, akasema haiwezekani, kuna mteja anaichukua baiskeli hiyo hiyo saa kumi.

Nilipokuwa natoka alikuwa anaijaza upepo. Pauni 60.