Programu huria za kusimamia miradi na tiketi: ipi uiweke kwanza kwenye seva yako

Wadau, kama timu yenu ni ya watu watano mpaka ishirini na saivi kazi zote zinapita kwenye grupu la WhatsApp na shiti ya Excel ambayo kila mtu ana kopi yake, huu mwongozo ni wenu. Nimepanga kwa kuangalia ukubwa wa seva inayotakiwa, nani ataihudumia siku aliyeiweka akipata kazi sehemu nyingine, na kama mhasibu au yule dada wa huduma kwa wateja ataweza kufungua tiketi (yaani kuandikisha kazi au tatizo ili lifuatiliwe) bila kumwita mtu. Muonekano nimeuweka nyuma makusudi.

Tuelewane kwenye bei kwanza. Kupakua ni bure, seva sio bure. VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, inalipiwa kwa dola kila mwezi kwa kadi, shilingi ikishuka bili yako inapanda, kwa hiyo mfumo unaotosheka na RAM ya GB 1 na ule unaotaka GB 4 tofauti yake ni hela ya kweli ikifika mwisho wa mwaka. Mtu ataniuliza si kuna Jira ya bure, ule mfumo wa tiketi wa kampuni ya Atlassian? Ipo, kwa watu wasiozidi 10, na kama data kukaa kwa Atlassian haiwasumbui kaeni nayo. Ila wale waliokuwa wamenunua Jira Server waiweke kwenye mashine zao wenyewe, mauzo yalifungwa Februari 2021 na sapoti ikakatwa 15 Februari 2024, ikabidi wahamie klaudi au walipie toleo kubwa la Data Center au waondoke kabisa. Kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, mtengenezaji akibadili mawazo, wengine wanachukua msimbo wanaendelea, na hili sio nadharia, utaliona hapo chini.

Namba moja kwangu ni Redmine. Ipo tangu 2006, imeandikwa kwa lugha ya Ruby (Ruby on Rails), na kwa timu ndogo inakaa vizuri kwenye seva ndogo. Ndani yake kuna tiketi, wiki (kurasa za maelezo ambazo timu inaandika pamoja), kurekodi muda, chati ya Gantt (mchoro wa ratiba ya kazi), miradi ndani ya miradi, na unaweza kupanga kabisa nani ana ruhusa ya kuhamisha tiketi kutoka hatua gani kwenda ipi, yaani fundi hafungi kazi mpaka msimamizi aikague. Lakini kinachonifanya niipe namba moja ni imeili. Unatenga anwani moja, unaweka kazi ya cron (amri ambayo seva inairudia yenyewe kwa ratiba) iwe inavuta barua kila baada ya dakika chache, mteja akiandika tu inageuka tiketi, na mfanyakazi akijibu ile taarifa kwenye simu yake jibu linaingia kama maoni, kwa hiyo hata asiyependa mifumo anashiriki bila kujua yuko ndani ya mfumo. Ubaya wake: sura ya kizamani, haina ubao wa Kanban (kadi za kazi zinazohamishwa safu kwa safu) mpaka uongeze plagini (kiongezo), na plagini ndizo zinazoleta kilio siku ya kuapdeti, maana toleo jipya likitoka plagini iliyoachwa na mwenyewe inagoma. Weka plagini chache sana. Na kama Ruby inakutisha tumia imeji yake ya Docker (kifurushi kilichoandaliwa tayari chenye kila kitu ndani), utapumua.

Namba mbili ni Forgejo, kwa timu ya madevelopa watupu. Hii ilizaliwa kutoka Gitea mwaka 2022, na Gitea yenyewe ilitoka Gogs mwaka 2016, ndio nilichokuwa nasema kuhusu kuendelezwa. Ni faili moja tu la kuendesha, databesi inaweza kuwa SQLite, na inakwenda hata kwenye mashine dhaifu. Msimbo na tiketi vinakaa pamoja, ukiandika kwenye komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) "fixes #12" ikiingia tawi kuu tiketi namba 12 inajifunga. Ila usimpeleke mhasibu huko, na Gantt hakuna.

Namba tatu OpenProject. Hii nayo ni mjukuu wa Redmine kupitia ChiliProject, imetulia, inapendeza, na Gantt yake ni ya kazi kweli, kama una mfadhili anayetaka kuona ratiba ya mradi wa miaka miwili ndiyo ya kumwonyesha. Mbona tatu basi? Wenyewe wanataka angalau RAM ya GB 4, na baadhi ya vitu vizuri viko kwenye toleo la kulipia, soma ile orodha kabla hujamwahidi bosi.

Namba nne Kanboard, ya PHP, inakaa hata kwenye hosting ya kawaida yenye cPanel ambayo tayari mnailipia kwa ajili ya tovuti, na ni ubao tu wa kadi, mtu anauelewa hapo hapo. Jua tu kwamba iko kwenye hali ya kutunzwa, vitu vikubwa vipya usivitegemee.

Zilizobaki kwa kifupi: MantisBT inafaa kama shida yenu ni kurekodi hitilafu tu, nayo ni PHP. Taiga ni nzuri kwa wanaofuata Scrum (kupanga kazi kwa vipindi vifupi) kwa dhati. GitLab ni kubwa na ina kila kitu, lakini inakula RAM, usiiweke kwa ajili ya tiketi peke yake. Focalboard usianze nayo, haitunzwi tena. Phabricator nayo ilisimama 2021, anayeitaka aangalie Phorge, inayouendeleza msimbo wake.

Ukishachagua, kabla hujaingiza watu, fanya bekapu na uirudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka. Kwa Redmine bekapu ni databesi pamoja na folda ya files, wengi wanachukua databesi peke yake na picha zote za wateja hazimo. Kwenye Forgejo zima usajili wa wazi, la sivyo spamu zitajaa. Redmine na Kanboard zote zinakuja na admin/admin, badilisha kabla seva haijaonekana nje.