Pikipiki Iliyolala Miezi Mitano: Mita, Chaja na Dawa ya Kabureta Mzigoni

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vitatu ambavyo mnaniuliza kila mara kama vina maana kununua: mita ya kupimia umeme, chaja ya betri inayojiongoza yenyewe, na kopo la dawa ya kusafishia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Badala ya kuvisifia vikiwa mezani, nimewaletea mgonjwa. Huyu hapa nyuma yangu, pikipiki ya cc 150, haijawashwa miezi mitano.

Sikilizeni kwanza. Nawasha ufunguo, nabonyeza stata... tk-tk-tk-tk. Mmesikia? Huo mlio si wa injini. Ni relei ya stata, swichi ya umeme inayopeleka nguvu kwenye mota, inashika na kuachia, inashika na kuachia, kwa sababu betri haina nguvu ya kuzungusha mota. Ingekuwa kimya kabisa, bila hata tk moja, ningeanza kwingine: ile swichi nyekundu ya kuzimia hapa kwenye usukani, fyuzi, stendi ya pembeni, na kama gia iko huru. Msicheke. Kuna siku nilishusha tangi na kabureta, vyuma vimejaa sakafuni, kumbe mtoto alikuwa ameichezea swichi nyekundu. Siku hizi ndiyo ya kwanza kuigusa.

Haya, mita. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, kitufe kwenye volti za DC. Inasoma 11.6. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.8; ikishuka 12.0 imebaki na robo hivi. Hii yangu ni mfu anayepumua. Lakini msiishie kwenye namba hiyo, maana betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5 ikiwa imekaa tu, halafu ikapewa kazi ikaanguka. Kwa hiyo shikilia nyaya za mita pale pale, mwambie mtu abonyeze stata. Ikidondoka chini ya 9.5 au karibu na hapo, na ulikuwa umeichaji ikajaa, basi hiyo betri ni ya kubadilisha.

Mita yenyewe naipenda, ingawa nyaya zake ni laini mno na kioo hakina taa. Ila angalieni matundu yake: kuna hili limeandikwa 10A. Ukiacha waya mwekundu humo halafu ukapima volti za betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Cheche niliyoiona siku ile ilinifundisha kusoma maandishi madogo.

Chaja sasa. Betri hii ni ya ampea-saa 5, na mafundi huwa wanaenda na moja ya kumi, yaani nusu ampea. Hii chaja kiwango chake cha chini ni 0.8, imezidi kidogo lakini haitaichemsha. Chaja kubwa ya gari ya ampea 10 ndiyo usithubutu. Niliiacha usiku kucha, asubuhi nikaichomoa, nikasubiri saa tatu betri itulie ndipo nikapima: 12.5. Si mpya, lakini inafanya kazi. Malalamiko yangu ni mawili. Vibanio vyake vina meno butu, vinateleza. Na chaja nyingi za aina hii betri ikiwa tupu sana haziitambui kabisa. Zinawasha taa ya kosa tu basi. Kwenye boksi wameandika inafufua betri zilizokufa. Mimi siamini sana. Betri ikikaa tupu kwa muda mrefu, salfeti inaganda ngumu kwenye sahani za risasi, na sehemu kubwa ya uwezo uliopotea hapo hairudi.

Narudisha betri, nabonyeza. Injini inazunguka vizuri kabisa, lakini haiwaki. Hapa ndipo wengi wanakimbilia dawa. Tulieni, tufungue plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ona, kavu. Ingekuwa imelowa petroli, ningeuliza habari za cheche au mafuta kuzidi. Naivika kofia yake, naegemeza chuma chake kwenye injini, mbali na tundu lilikotoka maana mvuke wa petroli unatoka hapo, nabonyeza... cheche ya bluu, nene. Kwa hiyo moto upo. Mafuta ndiyo hayafiki.

Chini ya kabureta kuna skrubu ya kutolea mafuta. Nafungua, nakinga kikombe. Rangi mnaiona? Kama chai ya rangi iliyopoa, na inanuka vanishi. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi ndizo huruka kwanza, na hizo ndizo zinazoshika moto injini ikiwa baridi. Kinachobaki kinageuka gundi ndani ya jeti, vile vyuma vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli. Tundu la jeti ya sailensa, ile ya injini inaponguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, ni kama nusu milimita au chini ya hapo, haliombi uchafu mwingi kuziba.

Nimejaribu kwanza njia ya wavivu, kupuliza dawa kwenye mdomo wa kabureta. Imewaka! Sekunde tatu, ikazima. Na huu ndio mtego wa haya makopo: dawa yenyewe inaungua. Injini imekula dawa, wewe unadhani umesafisha. Unapuliza tena, inawaka tena, kopo linaisha na jeti bado imeziba.

Basi nikafungua bakuli la chini ya kabureta, nikatoa jeti, nikapuliza dawa tunduni kwa kile kimrija. Hapo sasa kopo lilionyesha thamani yake, gundi ikayeyuka na upande wa pili mkondo ukatoka umenyooka. Vaa miwani, inaruka machoni. Oringi, zile pete za mpira, na diafragamu zitoe kwanza, dawa inavimbisha mpira. Na usichokonoe kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba laini, ukiitanua umeharibu. Kimrija chenyewe kimenidondoka mara nne, mtengenezaji alifikirie hilo.

Wenye pikipiki za injekta, zisizo na kabureta, hili kopo halitawasaidia hivi. Nyie washeni ufunguo msikilize pampu ivume sekunde mbili tatu. Isipovuma, rudini kwenye betri na fyuzi.

Nimemwaga mafuta yote ya zamani, nimetia mapya, choki juu, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Moja... mbili... hiyo hapo! Ngoja ipate joto nishushe choki. Mita kwenye betri, naongeza moto kidogo: 14.2. Inachaji.

Mnaouliza kuhusu dawa ya kutunzia petroli: hiyo inatiwa kwenye mafuta mapya kabla ya kuilaza pikipiki, kisha unaiendesha dakika chache ifike kwenye kabureta. Kwenye chai ile ya kikombeni haifanyi kitu.

Ninaizima sasa, mlango huu ni mdogo na moshi umeanza kujaa. Halafu naona skrubu ya bakuli inadondosha, oringi yake ndiyo niliyosahau kuitoa.