Kitabu cha mtihani wa CSCS: nilivyofeli, nilivyorudi, na kama kina thamani ya pesa yako

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani nina kitabu, simu yenye programu ya maswali, na futi ya kamba ya fundi seremala. Msiicheke hiyo futi, tutaifikia.

Wengi mmeniuliza nilijiandaaje na mtihani wa CSCS, kile cheti cha makocha wa nguvu na utimamu wa mwili ambacho NSCA, chama cha makocha hao cha Marekani, inakitoa tangu 1985. Sitawaficha, mara ya kwanza nilifeli. Sayansi nilipita, vitendo vikaniangusha, nikarudia hiyo sehemu moja. Kwa hiyo vitu hivi nimevitumia mara mbili, kwa hela yangu mwenyewe.

Kwa asiyeujua: ni maswali 220, saa nne. Sayansi ina maswali 95 ndani ya dakika 90, humo kuna misuli, nishati, saikolojia ya michezo na lishe. Sehemu ya vitendo ina maswali 125 kwa saa mbili na nusu. Katika kila sehemu kuna 15 ambayo hayahesabiwi, wanayafanyia majaribio tu, ila huambiwi ni yapi. Ukilikuta swali la ajabu usilie nalo, songa mbele. Alama ya kupita ni 70, lakini ni alama ya kusawazishwa, yaani si idadi wala asilimia ya maswali uliyopata, kwa hiyo usikae unapiga hesabu ya asilimia kichwani.

Sasa kitabu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Hiki hapa, Essentials of Strength Training and Conditioning, toleo la nne, wahariri ni Haff na Triplett. Sura 24, kurasa zaidi ya 700. Kikikudondokea mguuni, wiki hiyo huchuchumai. Ubaya wa kwanza, karatasi inang'aa. Ukisoma usiku chini ya taa unakiinamisha huku na huku kama mtu anayekagua noti bandia. Ubaya wa pili, mgongo wa kitabu, mnaona hapa, umeanza kuachia. Haya madoa ni chai, hilo kosa langu.

Ila ndani kuna mali. Tazameni jedwali hili. Mzigo unaoweza kuunyanyua mara moja tu ndio asilimia 100. Ukiweza mara 5, huo ni asilimia 87. Mara 10, asilimia 75. Chukua mchezaji anayechuchumaa na kilo 100 mara 5, ya sita haiwezi. Gawa 100 kwa 0.87, unapata kama kilo 115, ndio uwezo wake wa juu. Kama lengo ni nguvu, kitabu kinataka asilimia 85 kwenda juu, marudio yasizidi 6, apumzike dakika 2 hadi 5. Yaani kuanzia kilo 98 hivi. Akitaka kujaza misuli, anashuka hadi kati ya asilimia 67 na 85, marudio 6 hadi 12, mapumziko yanakuwa mafupi zaidi. Jedwali hili liandike kwa mkono mpaka uliote.

Mimi nilipoteleza ni sura za mwisho. Sura za misuli nilizisoma kwa raha, kalamu za rangi tatu. Nikafika kwenye mpangilio wa jimu, nikazipitia kama tangazo la mnada wa shamba la mtu mwingine. Nani atauliza habari za vioo? Wanauliza. Kioo cha ukutani kianzie angalau sentimita 51 kutoka sakafuni. Nilikariri, nikasahau, nikakariri tena, nikasahau. Siku moja nikaenda na futi hii jimu, nikapima sahani ya kilo 20, ile ya uzito inayovikwa kwenye chuma: kipenyo sentimita 45. Basi! Sahani ikiegeshwa ukutani au ikibiringika, haifiki kwenye kioo. Tangu siku hiyo namba haijatoka kichwani. Yule dada wa mapokezi alidhani nimekuja kufunga mapazia.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki usikisomee kitandani tu. Mpangilio wa vipimo vya mchezaji, kipi kianze na kipi kifuate, nao hivyo hivyo. Ukimkimbiza mchezaji mbio ndefu asubuhi halafu ukampima nguvu ya juu kabisa, umempima uchovu. Kipimo cha pumzi kinakaa mwisho. Mpitishe rafiki yako kwenye vipimo hivyo, utaelewa kwa nini.

Tuje kwenye programu ya simu. Jina silitaji. Unalipia kila mwezi, na kwenye basi inafaa, maana fasili fupi fupi zinaingia. Lakini nilikuta swali linalodai powa klini, lile zoezi la kurusha chuma kwa kasi hadi mabegani, inahitaji mtu wa kusimama nyuma na kumdakia mnyanyuaji chuma. Hapana! Mazoezi ya kulipuka hayadakiwi. Likishindikana, chuma kinaachiwa kianguke na kila mtu anakaa mbali. Ukijibu hivyo unapoteza alama, na ukifanya hivyo kazini unamvunja mtu mkono. Pia haina video hata moja, wakati mtihani wenyewe unakuwekea mtu ananyanyua na kukuuliza kakosea wapi.

Dawa ya hapo ilikuwa bure. Niliwarekodi wenzangu wakichuchumaa, kwa ruhusa yao, nikatazama polepole: huyu magoti yanaingia ndani, yule visigino vinanyanyuka, wa tatu kiuno kinajikunja akifika chini. Wiki tatu za hivyo zilinisaidia kuliko miezi miwili ya ile programu. Maswali ya mazoezi ya NSCA wenyewe nayo nilinunua. Yanafanana na mtihani, ila yanaisha haraka. Yaweke ya mwisho.

Kwa hiyo kitabu, nunua, hata cha mtumba, ila kagua toleo kabla hujatoa hela. Na cheti kinataka digrii na mafunzo ya kumsaidia aliyesimama moyo, hayo yamalize mapema. Programu, mimi nimeifuta.

Kuna aliyeniandikia akitaka nimuuzie kitabu changu. Samahani ndugu yangu, umechelewa. Hapa nimekiazima kwa ajili ya video tu, tayari ni cha binamu yangu, anafanya mtihani mwezi ujao. Nimempa na futi.